Mwalimu Dorika Msengi, Aliyeuliza Nani Amebaki Ndani

Haya ni maisha ya Mwalimu Dorika Yohana Msengi, mke wa Mwalimu Andrea Kingu, ambaye tumemleta nyumbani kwao Iguguno leo, Ijumaa tarehe 21 Februari 2025. Yanasomwa na kaka yake mkubwa, Nathan Msengi, kwa agizo la marehemu mwenyewe. Watoto wake wana sauti nzuri zaidi na Kiswahili chao kimenyooka kuliko cha mjomba wao, lakini marehemu alikataa wasisome wao. Sababu mtaisikia mbele. Wazee wetu, shikamooni. Mliosimama nyuma tafuteni pa kukaa, maana wasifu huu si mfupi.

Dorika alizaliwa Jumatano tarehe 12 Mei 1971, katika nyumba ile pale nyuma ya turubai, akiwa mtoto wa pili wa Mzee Yohana Msengi na Mama Klara. Mama alisimulia kwamba alikuwa anatwanga uwele uchungu uliposhika, akamwachia jirani mchi akaingia ndani, na jirani alipomaliza kutwanga alikuta mtoto amekwisha kuzaliwa na analia kama anadai kitu chake. Wa kwanza alikuwa Nathan, wa tatu akawa Peniel. Hapo ndipo wasifu wa ukoo wetu ulipozoea kuweka nukta. Leo tunaendelea. Mwezi Novemba mwaka 1978 alizaliwa wa nne, Leah. Mama alikaa na uchungu siku tatu, na mtoto alipotoka hakulia. Miaka mingi baadaye tuliambiwa ule ni mtindio wa ubongo, lakini wakati huo hakuna aliyetupa jina la ugonjwa, na majirani walijitungia majina yao, mengine mabaya sana. Baba alijenga chumba cha uani kwa tofali mbichi, na komeo akaliweka upande wa nje. Wageni wakipiga hodi, Leah aliingizwa humo.

Marehemu alianza darasa la kwanza mwaka 1979 katika shule ya msingi ya hapa hapa. Akiwa darasa la pili, mwalimu wake aliwataka watoto wasimame mmoja mmoja waseme kwao wamezaliwa wangapi. Dorika akasema wanne. Mwalimu alikuwa anaijua familia yetu, anasali nasi kila Jumapili, na hakuwahi kuona mtoto wa nne. Akamwita kaka yake aliyekuwa darasa la saba aje kuthibitisha. Kaka akaja, akasimama mbele ya darasa na kaptula yake iliyopigwa pasi, akasema watatu. Dorika akachapwa fimbo mbili za kusema uongo. Jioni ile alipompelekea Leah uji, alikaa naye mle chumbani hadi alipoitwa mara tatu.

Mwaka 1985, akiwa na miaka kumi na minne na amemaliza darasa la saba, alifanya jambo ambalo mama alilisimulia hadi uzeeni. Alichukua kamba ya mkonge, akaifunga ukutani kuanzia mlango wa chumba cha uani hadi chooni, chini kabisa, usawa wa mkono wa mtu aliyekaa. Kisha akakaa chini na gauni lake, akajikokota kwa kamba hiyo, miguu inaburuzika nyuma, akaenda hadi chooni akarudi. Mama akamuuliza, "Wewe Dorika, umerukwa na akili?" Akajibu, "Najaribu kama inafika, mama. Isipofika Leah atakwama katikati." Ilikuwa fupi kidogo, akaiongeza. Kuanzia siku hiyo Leah alikwenda chooni mwenyewe, wakati ambapo hakuna mgeni. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake ya kwanza ya tiba kwa vitendo, kabla hajajua kama kuna kazi inaitwa hivyo.

Alisoma sekondari kuanzia 1986 hadi 1989, akasomea ualimu wa cheti, na kuanzia mwaka 1992 akafundisha shule ya msingi Shelui kwa miaka sita. Huko alifahamiana na fundi Amri, mchomeleaji anayeunga vyuma vya malori yanayolala pale barabarani. Fundi Amri yuko nasi leo, amekuja na basi la alfajiri. Mwaka 1998 marehemu alipata nafasi ya kwenda Moshi kusomea tiba kwa vitendo, akamaliza 2001. Kwa wasioifahamu, ni kazi ya kumsaidia mtu aliyeumia au aliyezaliwa na ulemavu aweze kufanya mambo yake mwenyewe: kuvaa, kula, kupika, kulima, kwenda shule. Aliporudi watu wa hapa walimwita daktari wa mikono. Aliwasahihisha mwaka mzima, mwisho akachoka akaitika.

Alifunga ndoa na Mwalimu Andrea Kingu tarehe 14 Desemba 2002, na sherehe ilifanyika hapa uwanjani. Picha iliyo kwenye jalada la ratiba mliyoshika ni ya siku hiyo. Mkitazama vizuri mkono wa kulia wa gauni mtaona doa. Ni mchuzi. Wakati watu wanacheza, bibi harusi alichota pilau na mchuzi, akaifunika kwa sahani nyingine, akapita nyuma ya jiko na shela lake hadi chumba cha uani, akamlisha mdogo wake kwa mkono. Aliporudi, shangazi mmoja alitaka kulia kwa ajili ya lile gauni. Mpiga picha alisema angeweza kulifuta doa. Andrea akamwambia, "Liache, ndivyo lilivyokuwa." Picha imening'inia sebuleni kwao Mwankoko miaka ishirini na mbili, na wageni wengi wamemcheka bwana harusi kwamba alioa mlafi. Hakuwahi kuwajibu, kwa sababu kujibu kungekuwa kumtaja Leah, na familia ya mke wake ilikuwa imemwomba asimtaje.

Mungu aliwajalia watoto wawili, Catherine na Alphonce. Marehemu alifanya kazi hospitalini hadi mwaka 2008, akarudi chuoni kuongeza elimu, na kuanzia 2011 akawa mwalimu wa tiba kwa vitendo katika chuo cha afya mjini Singida. Lakini kabla ya kufika huko kuna mwaka 2009.

Mama yetu Klara alifariki tarehe 3 Oktoba 2009. Wasifu wake uliandikwa mjini, kwenye duka la kuchapa na kutoa nakala. Dorika ndiye aliyekuwa anachapa kwa sababu vidole vyake vilikuwa vyepesi, na kaka yake amekaa pembeni anamsomea. Kaka akasema, andika ameacha watoto watatu. Vidole vikasimama. Dorika akamgeukia. Kaka akamwambia, "Watu wataanza maswali, Dorika. Siku ya mama tusijidhalilishe." Dorika akatazama kioo cha kompyuta muda mrefu hadi mwenye duka akauliza kama umeme umekatika. Kisha akachapa.

Naona bado nasema "kaka yake" kana kwamba ni jamaa fulani aliyepita njia. Nimejificha humo tangu mwanzo. Kaka huyo ni mimi, Nathan. Niliyesema watatu mbele ya darasa la pili ni mimi, na niliyesema watatu dukani ni mimi, na niliyeshika kipaza sauti pale kwenye kaburi la mama, lile la pili kutoka hapa, nikasoma "ameacha watoto watatu" kwa sauti ya mzee wa kanisa, ni mimi. Siku ile Leah tulimfungia uani, tukamwashia redio ili akilia asisikike. Spika zilikuwa zimefungwa pale pale zilipofungwa leo. Redio haikufua dafu. Alisikia mazishi ya mama yake yote kupitia ukutani, pamoja na hesabu yangu. Alikuwa na miaka thelathini. Naona haya kulisoma hili mbele yenu, na mlionijua kwa koti langu la Jumapili mna haki ya kunishangaa.

Dorika hakugombana na mimi. Bora angegombana. Alirudi mjini, na alipoanza kufundisha mwaka 2011 wanafunzi wake walikuta mwalimu mwenye swali moja. Kila walipokwenda mafunzo kwa vitendo vijijini, wiki ya kwanza aliwakataza kumshika mgonjwa yeyote. Kila mwanafunzi alikaa siku nzima katika nyumba moja, akasaidia kazi, akaandika nani anafanya nini tangu asubuhi. Kabla ya kuaga ilikuwa lazima aulize: katika nyumba hii, nani amebaki ndani? Wanafunzi walidhani swali limetoka kwenye vitabu vya wazungu. Lilitoka kwenye duka la kuchapa, ila yeye hakuwaambia.

Alikuwa mwalimu mgumu. Ubaoni aliandika, "Mkono umepona. Mlango je?" Akawaeleza kwamba unaweza kumfundisha mama aliyepooza kushika jembe, lakini kama mume amesema hatalima tena, hujafanya kitu. Unaweza kumkalisha mtoto wima, lakini kama mwalimu mkuu hamtaki shuleni, umemkalisha wima ndani ya giza. Kwa hiyo aliwatuma kwenye mikutano ya vitongoji wakasimame waseme, akawatuma kwa wazee wa kanisa na kwa maimamu, akawafundisha kuandika barua kwa halmashauri na kuifuatilia hadi ijibiwe. Wapo waliolalamika. Mmoja alisema, "Mwalimu, sisi ni watu wa afya, hatujaja kufanya siasa." Akamjibu, "Basi mrudishe mgonjwa ndani ukamfungie komeo wewe mwenyewe, ili usimsumbue mwenyekiti." Mwanafunzi Ritha, ambaye leo naye ni mwalimu chuoni hapo na amekaa pale mbele, aliwahi kuandika ripoti nzuri ya kurasa kumi na nne kuhusu vidole vya mzee mmoja. Akapewa sifuri, kwa sababu hakwenda kwenye mkutano wa kijiji kuuliza kwa nini mzee huyo hajawahi kuitwa. Aliniambia alilia siku mbili. Nilimwambia pole, na moyoni nikaona dada yangu amezidi.

Juni mwaka 2014 akanipigia simu. "Kaka, naleta wanafunzi kumi na wawili huko nyumbani. Wewe ndiye mwenyekiti wa kitongoji, utawatembeza. Nakuomba jambo moja tu. Siku watakapofika kwako, Leah awe sebuleni." Nikamwambia hamna shida, dada, njooni. Jumapili, siku moja kabla hawajafika, nikakodi gari nikampeleka Leah Shelui kwa shangazi yetu. Nilimwambia Leah anakwenda kubadilisha hewa. Alinitazama tu, na mimi nikajifanya nafunga mlango wa gari.

Wanafunzi niliwatembeza vizuri sana, nikiri. Swali lao lilinipendeza. Niligonga milango ya watu nikaliuliza mwenyewe, tena kwa utani: "Haya jamani, mwenyekiti nimekuja, nani amebaki ndani, mtoeni!" Tukapata watu saba ndani ya wiki moja, katika kitongoji ambacho nilikuwa naapa nakijua chote. Mmoja alikuwa hajatoka kwa miaka kumi na moja. Niliwasema wenye nyumba, nikatikisa kichwa, nikawauliza kama hawana hofu ya Mungu. Baadhi yao mko hapa mnanitazama. Nawaomba radhi, nilikuwa nawasema kwa mdomo ule ule uliodanganya.

Nyumbani kwangu aliletwa Ritha. Alichambua mboga na mke wangu, akaniuliza habari za alizeti, akaandika. Jioni wenzake na mwalimu wao wakaja kumchukua. Akasimama kwa adabu.

"Samahani baba, katika nyumba hii nani amebaki ndani?"

"Hakuna, mwanangu. Sisi wote ni watu wa nje."

Akaangalia ukuta wa uani. "Na hii kamba hapa chini, baba?"

"Ya mbuzi."

Ritha akainama akaishika. Mkonge ule Dorika alikuwa ameubadilisha kila ulipochakaa, na huo wa sasa ulikuwa umelainika kwa mikono hadi unang'aa. Akaufuata kwa macho. "Mbuzi gani anafungiwa kamba mpaka chooni, baba?"

Wanafunzi wakacheka. Mimi pia nikacheka, na kicheko hicho nakikumbuka kuliko kitu kingine chochote nilichofanya maishani. Dorika hakucheka. Alikuja akasimama mbele ya wanafunzi wake, akaweka mkono kwenye ile kamba.

"Hii kamba niliifunga mimi," akasema. "Ni ya mdogo wetu, Leah. Nilipokuwa darasa la pili nilisema tuko wanne, nikachapwa. Nilipokuwa na miaka thelathini na minane nikaandika tuko watatu, na safari hiyo hakuna aliyenichapa. Mmekuwa mkinisikia miaka yote hii kama mtu anayejua. Mimi ndiye niliyembakiza mtu ndani. Andikeni hivyo kwenye daftari zenu, na Ritha anaweza kunipa sifuri."

Hakuna aliyeandika. Ritha alikuwa analia. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nimeshika bakuli la mboga ambalo sijui nililichukuaje.

Usiku ule nilimwambia Dorika nilikompeleka Leah, na kesho yake walikwenda Shelui kwa basi. Dorika hakuingia kwa shangazi moja kwa moja. Alisimama nje ya chumba cha nyuma akauliza swali lake, "Nani amebaki ndani?" Na kutoka ndani sauti ikajibu taratibu, kama Leah anavyosema, neno kwa neno: "Mimi, dada." Fundi Amri aliacha kazi za malori siku mbili, akaunga kiti mwendo kwa magurudumu ya baiskeli na bomba la chuma. Leah akarudi Iguguno mchana wa gulio, watu wamejaa, akashushwa kwenye basi barabarani, akasukumwa katikati ya soko hadi nyumbani. Nilikuwa kwenye duka moja hapo sokoni. Niliwaona wanakuja. Nikapita njia ya nyuma ya mashine ya kusaga, nikafika nyumbani kabla yao, nikakaa kama mtu ambaye hajatoka. Hata siku hiyo sikuweza kutembea pembeni ya kiti chake.

Wiki ya tatu tulikuwa na mkutano wa kitongoji. Leah aliomba nafasi kwa kuinua mkono, na mimi mwenyekiti nikazungusha macho nikitafuta mkono mwingine. Haukuwepo. Akasema, "Naomba kuchota maji mwenyewe." Basi. Kituo chetu cha maji kilikuwa na ukingo wa saruji unaofika magotini, na bomba lake juu. Nikaanza kueleza kwamba jambo hilo litapelekwa mbele, kamati italiangalia. Dorika akasema, "Halihitaji kwenda mbali, Mwenyekiti. Twendeni tukachote." Akatupeleka kamati nzima bombani, akatuomba kila mmoja akae chini, achote ndoo moja bila kuinuka. Nilianza mimi kwa kuwa ni kiongozi, nikiwa na suruali yangu ya mikutano. Maji yote yaliniingia shingoni. Watoto walicheka hadi wakakaa chini na wao. Ukingo ulivunjwa kabla ya mwezi kwisha, ikajengwa njia ya mteremko, na tangu wakati huo hata kina bibi wenye magoti mabovu na kina mama wenye mimba wanapita hapo hapo na kusema hivi ndivyo ilivyotakiwa kuwa tangu zamani. Katika wale saba, watatu walianza kuja mikutanoni. Mtoto mmoja alipelekwa shule. Nayasema haya kwa sababu ndiyo kazi yake, na ilifanyika hapa, licha ya pingamizi langu.

Leah aliwekewa meza fupi ya kupikia. Akiwa na miaka thelathini na sita alisonga ugali wake wa kwanza, mkono mmoja unasonga, mwingine umekandamiza sufuria kwenye kishikizo alichochomelea fundi Amri. Ulikuwa na mabonge. Dorika aliula wote, akaomba ukoko.

Tarehe 9 Agosti 2024, akiwa anafundisha, marehemu alianguka mbele ya ubao. Kilikuwa kiharusi. Alilazwa Singida na baadaye Dodoma, akarudishwa Mwankoko, upande wake wa kulia ukiwa hauna nguvu, mdomo umevutika, maneno yanatoka kwa shida. Mwezi Novemba aliomba kuletwa Iguguno. Andrea alikuja kila Ijumaa jioni na kurudi kazini Jumatatu. Aliyemlisha katikati ya wiki hakuwa mimi wala mke wangu, alikuwa Leah, kwa kijiko chenye mpini mnene ambacho Dorika alimtengenezea yeye miaka kumi nyuma.

Na mimi je? Nilitundika pazia. Nawaambieni kweli, sikukaa nikapanga. Nilimwona dada yangu mate yanamtoka, msomi wetu, nikasema watu wasimwone hivi, wamkumbuke alivyokuwa. Niliita heshima. Wageni walipokuja niliwaambia amelala. Walikuja wengi, nanyi mko hapa, na mlirudi na mayai yenu na sukari yenu mkidhani mmemkosa usingizini. Alikuwa macho. Alikuwa anawasikia mnaongea na mimi sebuleni.

Mwezi wa kwanza, tarehe kumi na tano, akaja Ritha na wanafunzi wake wanane. Wakapiga hodi. Nikatoka.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Poleni na safari."

Nadhani alikuwa hajapanga kuuliza. Akaniangalia usoni, akauliza kwa sauti ndogo: "Baba, nani amebaki ndani?"

Nikasema, "Mwalimu wenu amepumzika. Mje siku nyingine."

Leah alikuwa nyuma yangu kwenye kiti chake. Akachukua muda wake, kama kawaida, na kila neno likaja peke yake. "Yupo. Hajalala. Ingieni. Kaka anaona haya."

Kutoka nyuma ya pazia tukasikia Dorika anacheka. Kilikuwa kicheko cha upande mmoja, lakini ni kile kile. Wanafunzi wakanipita pande zote mbili kama nguzo ya mlango. Mchana ule walilitoa pazia, wakamkalisha barazani, na kila siku hadi mwisho alikaa hapo akisalimiana na wapita njia, na wengine waligeuka wakarudi kukaa naye.

Siku hiyo baada ya wanafunzi kuondoka alinivuta shati kwa mkono wa kushoto. Ilimchukua muda kusema, nami nilitaka kumsaidia kumalizia maneno, akanikatalia kwa kichwa. Alisema, "Wewe. Usome. Wangu." Nikajua ni wasifu. Nikamwambia, dada, wapo watoto. Akatikisa kichwa tena. "Wewe. Uhesabu."

Mwalimu Dorika Msengi alifariki Jumanne tarehe 18 Februari 2025, saa nne asubuhi, hapo barazani, baada ya kiharusi cha pili, mkono wake ukiwa kwenye mapaja ya mdogo wake. Aliishi miaka hamsini na mitatu, miezi tisa na siku sita.

Kabla sijataja aliowaacha, narekebisha kilichosomwa mahali hapa mwezi Oktoba mwaka 2009. Mama Klara Msengi aliacha watoto wanne: Nathan, Dorika, Peniel na Leah. Mama, utusamehe kwa kuchelewa. Na kama mwalimu wangu wa wakati ule yu hai na ananisikia, fimbo zile mbili zilikuwa zangu.

Mwalimu Dorika ameacha mume, Andrea Kingu. Ameacha watoto wawili, Catherine na Alphonce. Ameacha kaka, Nathan, na mdogo wake wa kiume, Peniel. Ameacha wanafunzi ambao sikuweza kupata hesabu yao, wanaouliza swali lake katika nyumba nisizozijua. Na ameacha mdogo wake wa kike, Leah Yohana Msengi, ambaye hakuandikwa popote na ndiye aliyemjua kuliko sisi wote.

Tangu juzi mvua imenyesha, na wengi mmeuliza kwa nini vijana wa chuo wanamwaga changarawe na kushindilia kutoka barazani hadi kaburini. Ni njia ya kiti mwendo. Leah ndiye atakayetia udongo wa kwanza. Nitakisukuma mimi, mbele yenu wote, na nitapita njia ya mbele.

Dorika, nimehesabu. Kwetu tuko wanne, na leo hakuna aliyebaki ndani. Lala sasa, mwalimu, Mungu akupokee kwa amani.